Sketi ya Ishirini na Sita

Tangu mwaka jana nimeipigia simu kampuni ya maji mara kumi na tisa, na bomba letu halina ugonjwa wowote. Linatoa maji mpaka majirani wananionea wivu. Napiga ile namba ya huduma kwa wateja, nasikiliza muziki wao wa kusubirisha watu, na akipokea mtu ambaye siye, nazua bomba lililopasuka mtaa wa nyuma, nashukuru, nakata. Vijana wa kule wameshanizoea. Mwezi uliopita mmoja aliniuliza, "Mama wa Bomba, leo limepasuka wapi?" Nikamjibu limepasuka palepale, na kwamba kampuni yenu masikio iliyaweka kwa ajili ya pambo. Akacheka. Hakujua kwamba natafuta sauti moja tu kati ya sauti zao zote.

Sauti hiyo ni ya mdogo wangu. Nyumbani tulimwita Kitinda, kwa sababu ndiye kitinda mimba. Tulikuwa wawili tu, mimi nikimtangulia kwa miaka mitano. Binamu yetu ndiye aliyeniambia kwamba Kitinda anafanya kazi huko, mji wa mbali, anavaa vipokea sauti kutwa na kuandika malalamiko ya watu wasiomwona. Namba yake mwenyewe binamu alikatazwa kunipa, na ni mtu anayeshika neno, Mungu amsamehe.

Mama yetu alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala. Alishonea sare shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kabla ya kugusa kitambaa alikata gazeti kwanza, apate umbo la nguo, na mimi nilisoma kilichobaki. Habari ya mgomo wa makuli ilikatikia kwapani. Hotuba ya waziri iliishia kwenye kola. Nusu ya siasa ninayoijua niliisoma hivyo, na nusu ya pili ilibidi niitafute mwenyewe, maana shule nilikwenda kidogo na hasira nilikwenda nayo nyingi.

Kitinda utotoni maneno yake yalifika nyumbani kabla yake. Alianza kusimulia akiwa kwenye kona, bado hatujamwona, na akiingia mlangoni tayari alikuwa katikati ya habari. "Basi yule akasema hataki," ndivyo angeingia, na sisi tungelazimika kuuliza nani, hataki nini. Mama alikuwa akisimamisha mguu kwenye pedali ili asikie vizuri.

Alipokuwa na miaka saba, Baba alifariki. Alikuwa makanika wa magari; jeki iliteleza, lori likamwangukia, ikawa basi. Tangu mwezi ule Kitinda alianza kula mkate. Nasema mkate kwa sababu ndio tuliokuwa nao. Na wanaosema mtoto mnene ni mlafi waje niwaeleze nilichokiona. Hakula kwa raha. Alikula amesimama mbele ya kabati, haraka, macho mlangoni, kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo inayovuja na anasikia mgeni anakuja. Mama alimwona. Alimkatia kipande kingine. Maneno ya kumpa pole yalikuwa yamemwishia makaburini, akabaki na mkate.

Mwili ukaja. Na mwili ulipokuja, majina yalikuja nyuma yake. Gunia. Tangi. Akitaka kuruka kamba wenzake wanasema tungoje kwanza barabara ikarabatiwe. Alirudi nyumbani akala kwa sababu wamemcheka, na kesho wakamcheka kwa sababu amekula, na hapo katikati hakukuwa na mtu mzima hata mmoja aliyesimama akasema ngoja.

Sasa sikilizeni kosa letu. Kosa hili lingeweza kufanywa na nyumba ya mafundi tu.

Kila sketi Mama aliyoshona aliitia ndani ya kiuno kitambaa cheupe kidogo, na juu yake namba kwa uzi mwekundu, inchi za kiuno. Wasichana walizigeuza sketi zao na kushindana kwa namba hizo. Kitinda alikuwa na ishirini na sita. Siku sketi ilipoanza kumbana, Mama aliniita pembeni.

"Akiona namba imepanda atalia," akasema. "Akilia atakula. Sisi tuipanue sketi, namba tuiache ilale."

Fundi mzuri huacha akiba ndani ya mshono, kitambaa cha ziada kwa ajili ya mtoto anayekua. Mama aliacha akiba ya vidole vinne kila upande. Basi kila Jumamosi ya pili, Kitinda akienda kusukwa kwa jirani, mimi nilichukua wembe nikafumua, Mama akanichorea kwa chaki, nikashona upya, nikapiga pasi mpaka mstari wa zamani ukapotea. Akiba ilipokwisha tuliongeza vipande vya ubavuni. Kila mara nilikirudisha kile kitambaa cheupe mahali pake. Sketi ilifika thelathini na nne, na ndani yake bado iliandikwa ishirini na sita.

Shuleni kulikuwa na siku ya mizani. Mara moja kwa mwaka waliitoa stoo, wakaiweka mbele ya darasa, mtoto akapanda, Mwalimu wa Michezo akasoma kilo kwa sauti ya kunadi mali, na kiranja akaandika ubaoni. Waliita hiyo afya. Mwaka ule Kitinda alikuwa na miaka kumi, na siku hiyohiyo waliandika vipimo vya sketi za gwaride.

"Sketi namba ngapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Ishirini na sita."

Mwalimu alivua miwani. "Ya mguu mmoja?"

Darasa likalala kwa kicheko. Akamwamuru ageuze kiuno, akaiona namba, akatoa futi ya kupimia mfukoni, akamzungushia mbele ya watoto arobaini. "Thelathini na nne," akasoma. "Kumbe mama yako fundi hajui kuhesabu."

Hayo nilisimuliwa baadaye. Siku ile nilichokijua ni kwamba Kitinda aliingia mlangoni na hatukuwa tumesikia kitu kutoka kwenye kona. Alisimama katikati ya chumba.

"Nani alipanua sketi yangu?"

Mama aliinama akatunga uzi kwenye sindano. Sindano ilikuwa na uzi tayari. Mimi nilikuwa kwenye pasi, na nilipoinua uso nikakuta ananitazama mimi, si Mama.

"Hakuna aliyepanua," nikasema. "Ilikuwa hivyo hivyo."

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa anangoja kitu.

"Haya," akasema.

Hiyo haya nimeishi nayo miaka ishirini na sita. Baada yake hakusimulia tena. Alikuja kutoka kona hadi mlangoni kimya, akapita. Futi hakuruhusu imguse. Alivaa magauni ya Mama, alioga na nguo mwilini, na kioo cha chumbani alikibandika gazeti. Mezani hakula mbele yetu, lakini tukitoka mkate ulipotea. Alikosa shule Jumatatu, kisha wiki, kisha mwezi. Asubuhi moja alimwambia Mama kwamba angependa alale na asiamshwe tena, hata kesho, hata keshokutwa. Alisema taratibu, kama anayeomba maji. Mtoto wa miaka kumi na moja.

Mama alimpeleka kwa daktari. Daktari alimpima uzito, kisha akamuuliza Mama maswali tisa kuhusu chakula. Niliyahesabu. Mtoto mwenyewe, aliyekuwa amekaa pale na uso kama ukuta, hakuulizwa hata moja. Tukapewa karatasi: punguza sukari, punguza mkate. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Daktari huyo namkumbuka mpaka tai yake.

Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Alimpigia Mama sikukuu kwa sikukuu. "Mimi mzima. Nyinyi je?" Basi. Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, Kitinda alikuja amevaa koti zito juani, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Nilimwona juu ya vichwa vya watu. Nilikuwa nashikwa mikono ya pole, huyu na yule, na nilipofika nyuma kiti kilikuwa kitupu. Nilikigusa. Kilikuwa bado na joto.

Kwa upande wangu niliiandama shule ile ya ng'ambo ya barabara. Miaka kumi na mmoja sijakosa mkutano wa wazazi, nami mtoto shuleni sina. Walinipa jina, Mbunge wa Cherehani. Nikisimama wanaangalia saa. Niliwaambia mizani ya kupimia watoto mbele ya wenzao ni fimbo isiyo na alama. Niliwaambia mtoto hapungui kwa kuchekwa, anajificha tu, na anakojificha huko hakuna mwalimu anayefika. Niliwasimulia habari za mdogo wangu, kila mwaka, mpaka wakazijua kwa moyo. Mwaka jana walichoka kabla yangu. Mizani ikahamishiwa ofisi ya mwalimu mkuu: mtoto mmoja, mlango umefungwa, namba haisomwi. Watu walinipigia makofi. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti cha Mama nikiwa na habari kubwa mdomoni, na mtu niliyetaka kumpa ni mmoja tu. Siku ile ndipo nilipopiga simu ya kwanza kampuni ya maji.

Jumatano hii alikuja jirani yangu mwenye saluni, na binti yake wa miaka tisa, na sketi ndani ya mfuko. Alimtuma mtoto akachague vifungo, kisha akaninong'oneza.

"Mpanulie kidogo, lakini asijue. Ile namba ya ndani iache."

Mikono yangu ilisimama. "Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna. Nimefikiri mwenyewe. Si huruma?"

"Ni huruma," nikasema. "Huruma hiyo naijua mpaka harufu yake. Mwite mtoto."

"Dada, tafadhali."

"Mwite, au nenda na sketi yako kwa fundi mwingine."

Mtoto alikuja na kifungo kimoja chenye umbo la samaki. Nilimpa ncha ya futi aishike mwenyewe, nikaizungusha taratibu, tukainama wote wawili kusoma.

"Thelathini na moja," akasema. "Ni nyingi?"

"Ni yako. Sketi ndiyo iliyochelewa."

Alifikiri. "Shuleni wananiita Friji."

"Kwa nini friji?"

"Eti mlango wangu haufungi."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia friji lina vitu. Wao ni makabati matupu."

Mama yake alicheka, kisha akageuka ukutani akakaa hivyo. Sidhani kama alikuwa amewahi kulisikia jina hilo. Mtoto hakumjali, alikuwa bado ananichunguza.

"Umewahi kumpima mnene kuliko mimi?"

"Mdogo wangu."

"Ulimwonyesha namba?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hakujua."

"Hakujua," nikasema.

Walipoondoka nilifunga mlango wa mbele, saa tisa mchana, na wateja wangekuja, na sikujali. Nikapiga. Muziki ukalia. Nilikuwa nimeandaa bomba, mtaa wa nyuma, maji mpaka barabarani.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Sauti ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imekaribia ya Mama. Bomba lote likanitoka kichwani.

"Mteja, nakusikia unapumua," akasema.

"Kitinda."

Nilikuwa nasikia vidole vyake kwenye kibodi ya kompyuta. Vikanyamaza.

"Dada," akasema, "simu hii inarekodiwa."

"Wairekodi. Wakitaka nitaisema polepole waandike."

"Bomba limepasuka?"

"Halijapasuka."

"Najua. Wenzangu walinisimulia kuna mama anayetukana kampuni kwa Kiswahili cha gazeti. Nikajua ni wewe. Simu hazichaguliwi hapa, humwangukia aliye wazi. Nilikuwa nangoja siku itakayoniangukia mimi. Na nilikuwa naomba isiniangukie."

Mimi ambaye nimewahi kumnyamazisha afisa elimu, nilizungumza kama mtoto anayesoma ubaoni. "Ile sketi niliipanua mimi. Mama aliniambia, lakini mkono ulikuwa wangu, na kile kitambaa cha namba nilikirudisha mimi. Ukaniuliza, nikakuambia ilikuwa hivyo hivyo. Nilikudanganya, mdogo wangu. Shuleni ukaaibika kwa kitu usichokijua."

"Nilikijua," akasema.

"Ulikijua siku ile."

"Tangu mara ya kwanza. Dada, mimi mtoto wa fundi. Mshono mpya unakwaruza. Na mishono yako yote inakwenda kushoto, Mama alikuwa anakugombeza kila siku. Darasani nilikuwa naupitisha kidole chini ya dawati, polepole, nauhesabu. Walikuwa wakiniita Gunia, mimi nahesabu mshono wako. Nilikuwa naupenda."



"Nilidhani tumekubaliana," akaendelea. "Sisi watatu. Kwamba ishirini na sita ni namba yetu ya nyumbani, na wale wengine wana ya kwao. Ndiyo maana niliitamka mbele ya darasa bila woga. Alivyoniaibisha yule mwalimu, njia nzima nilikuwa najiambia, nikifika nitauliza, na mmoja wao atasema ni sisi, na Mama atacheka, na mimi nitacheka. Nikauliza. Ukasema hakuna." Alivuta pumzi. "Kumbe nilikuwa peke yangu mle ndani ya sketi."

Barabarani watoto wa madarasa ya juu walikuwa wanatoka shule. Niliwasikia wanapita dirishani, na nilibana simu sikioni wasimfunike.

Miaka yote nimekuwa naipiga vita mizani. Ilistahili, na ningeipiga tena. Lakini nilikuwa nimemweka mwalimu yule mbele ya macho yangu, mkubwa, na futi yake, ili nisimwone msichana wa miaka kumi na mitano aliyeshika pasi.

"Nisamehe," nikasema.

"Msimamizi anapita," akanong'ona, kisha kwa sauti ya kazi: "Ndiyo mteja, nimeandika. Kuna jingine?" Nikasubiri. Nilisikia viatu vikija, vikaenda. Aliporudi, sauti ilikuwa ngumu kidogo.

"Binamu ananiambia unanitaja kwenye mikutano yako."

"Ili waelewe."

"Wameelewa?"

"Mizani wameiondoa mbele ya darasa."

Nikasikia kwamba habari ile imemgusa, kwa sababu nilisikia anataka kuuliza na anajizuia. "Vizuri," akasema. "Kweli vizuri. Lakini mimi nimechoka kuwa mfano. Huko wanajua nilivyolia, wanajua nilivyokula, wanajua na kioo changu. Wewe unajua nini kunihusu, tangu hapo?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa dhati kabisa, kama mtu anayepekua kabati lake mwenyewe.

"Koti," nikasema. "Ulikuja na koti."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, na kilinipata mahali ambapo hakuna neno la mkutano lililowahi kufika. "Una kalamu?"

Sikuwa na kalamu. Nilikuwa na chaki ya fundi, na mbele yangu sketi ya binti wa mwenye saluni, ya buluu nzito. Nikaandika namba yake juu ya kitambaa, kubwa, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo.

"Usipige tena huku," akasema. "Jumapili sifanyi kazi. Piga mchana. Na ukipiga, usiniulize nakula nini, usiniulize nina kilo ngapi, usiniambie habari ya sketi. Ukianza na hayo nitakata. Sitanii, Dada."

"Sitaanza na hayo."

"Nina wateja kumi na wanne kwenye foleni," akasema, na akakata.

Leo ni Ijumaa. Haya sitayasoma mkutanoni. Sketi ya mtoto nimeshaipanua, nimeweka thelathini na moja kwa uzi mwekundu, chaki nimeifuta kwa brashi, lakini kabla ya kuifuta namba niliinakili mara tatu, mahali patatu. Na tangu jana naandika maswali kwenye ukingo wa gazeti. Nilidhani nitakuwa na mengi, mimi wa maneno. Unalala vizuri? Nikalifuta, ni swali la daktari. Umeolewa? Nikalifuta, litapita kwenye mwili hata nikilizungusha vipi. Una marafiki? Nikalifuta, ni la mtu anayemhurumia mtu. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimefuta kumi na mawili, na kila nililofuta liliniambia kwamba mdogo wangu wa miaka thelathini na sita simjui, nimemjua yule wa miaka kumi tu, nikamtembeza mikutanoni.

Limebaki moja. Sijui kama litatosha kumfanya asikate. Nataka kumuuliza dirisha la chumba chake linatazama wapi, na akikaa pale Jumapili mchana, kabla simu haijalia, anamwona nani akipita.